Sura ya Tano: Penseli Kabla ya Mwiko

Oktoba moja niliitwa kutazama nyumba ya mwalimu mstaafu, pembezoni mwa Jiji la Dodoma, upande ambako ardhi inashuka kuelekea bondeni. Fundi alikuwa ametangulia. Karai la saruji na mchanga lilikuwa limeshachanganywa, na kwa patasi alikuwa ameanza kuupanua ufa ili saruji ipate pa kuingia.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba, baba. Afadhali umefika. Fundi anasema tunauziba leo hii hii. Wajukuu wanakuja Krismasi, sitaki walale chumba chenye ufa."

Ufa wenyewe ulianzia kona ya juu ya dirisha la chumba hicho, ukapanda kama ngazi ukifuata viungio vya tofali, ukaishia chini ya mkanda wa zege wa juu. Kule juu kadi mbili za benki ziliingia kwa pamoja. Chini, penye kona ya dirisha, hata moja haikupita. Nikatoka nje nikainama usawa wa kona hiyo ya nyumba. Ardhi ilikuwa nyeusi, ngumu kama jiwe, imepasuka vipande vipande, na katika mpasuko mmoja kiganja changu kilizama chote.

"Fundi, naomba tusizibe leo."

"Sasa tusubiri nini, mhandisi, na ufa ndio huu?"

"Tusubiri mvua."

Nilimwomba mwalimu penseli. Tukagongomea misumari miwili midogo, mmoja kila upande wa ufa, tukapima kwa rula: milimita 50 kamili. Mwalimu mwenyewe akaandika ukutani, kwa mwandiko ule wa ubaoni: 14 Oktoba, 50.

Methali ya ufa na ukuta kila mtu anaijua, na ni ya kweli. Lakini haikusema uzibe mwezi gani wala uzibe kwa kitu gani. Katika nyanda hizi za kati, mwezi unaouchagua unaweza kuuponya ukuta au kuuongezea jeraha. Ndiyo maana nimeipa kazi ile ndogo ya penseli sura nzima ya kitabu hiki.

Ardhi iliyodidimia

Simulizi ya Wagogo inasema tembo alikuja kunywa maji kijitoni, akanasa kwenye matope, akazama. Mahali pale pakaitwa idodomya, yaani palipodidimia, na jina hilo ndilo jiji linalo mpaka leo. Anayenunua kiwanja hapa angefaa aikumbuke simulizi hiyo kabla hajauliza bei.

Ardhi ya Dodoma si ya aina moja. Kwenye miteremko ya vilima vya graniti, kama Mlimwa na Imagi, udongo mwingi ni mwekundu wenye kichanga. Ukichimbiwa msingi wa kutosha na kushindiliwa vizuri, hubeba nyumba bila maneno mengi. Shuka mabondeni, ukutane na udongo mweusi wa mbuga. Huu ni mfinyanzi unaovimba. Chembe zake ni ndogo mno na bapa, zimelaliana kama kurasa za kitabu. Mvua ikinyesha, maji hupenya kati ya kurasa na kuzisukuma, udongo ukavimba. Jua likiwaka, maji hutoka, kurasa zikarudi kulaliana, udongo ukasinyaa na kupasuka.

Udongo wa aina hii upo sehemu nyingi duniani. Kinachoifanya Dodoma iwe na taabu ya pekee ni ratiba ya mvua yake. Kwa mwaka tunapata takriban milimita 570, na karibu zote hunyesha kati ya Desemba na Aprili. Kuanzia Mei hadi Novemba mbingu hufunga. Bukoba mvua hainyimi ardhi muda mrefu namna hiyo. Huku kwetu, kila mwaka udongo huenda mpaka mwisho wa kulowa, kisha mpaka mwisho wa kukauka, na nyumba iliyokaa juu yake inapandishwa na kushushwa.

Tena haipandishwi sawasawa. Udongo ulio chini ya katikati ya nyumba umefunikwa na sakafu. Haunyeshewi wala haupigwi jua, kwa hiyo unabadilika kidogo sana. Wa pembezoni ndio unaoteseka. Kiangazi kona za nyumba hushuka, kifuku zikapanda. Ukuta wa tofali hauna mnyumbuko wa kufuata safari hiyo, kwa hiyo hufunguka pale ulipo dhaifu kuliko pengine, yaani kwenye kona za madirisha na milango.

Wazee waliojenga tembe walikuwa na jibu lao. Paa zito la udongo lilikaa juu ya nguzo za miti, na ukuta wa fito na udongo ulizunguka tu. Ardhi ikisogea, nguzo ziliyumba kidogo pamoja nayo, ukuta ukapasuka, na baada ya mvua watu wakaukandika upya. Ufa ulikuwa kazi ya msimu, kama kupalilia. Kisha ikaja Operesheni Dodoma mwanzoni mwa miaka ya 1970 na watu wakahamishiwa vijijini. Mwaka 1973 ukaja uamuzi wa kuhamishia makao makuu ya nchi hapa, na baada ya 2016, serikali ilipohamia kweli, ujenzi ukashika kasi ya kutisha. Nyumba zikawa za bloku na bati, imara kwa mvua na upepo. Lakini ukuta sasa ndio unaobeba paa, na hauyumbi. Tumebadilisha nyumba, ardhi ni ile ile.

Kwa nini niliuzuia mwiko

Turudi kwa fundi na karai lake. Oktoba ni mwisho wa kiangazi. Kona ya nyumba imeshuka hadi mwisho wake, na ufa umefunguka hadi mwisho wake. Ukiujaza wakati huo saruji kali, umeweka ndani ya ukuta kipande kigumu kuliko tofali lenyewe. Januari mvua ikishalowesha ardhi, kona inapanda na ufa unataka kufunga, lakini mahali pa kufungia pameshajazwa. Saruji ile inakuwa kabari, kama ya mpasua kuni. Ukuta unasukumwa kutoka ndani, ukapasuka pembeni ya pale ulipozibwa, na mwenye nyumba anadhani fundi alichanganya vibaya. Mwaka unaofuata anaitwa fundi mwingine, anaziba ufa mpya, tena Oktoba. Nimeona kuta zenye makovu manne yaliyosimama pamoja, kila moja la mwaka wake.

Kwa hiyo swali la kwanza kuhusu ufa wowote ni hili: bado unatembea? Upo ufa uliokwisha kusimama, nyumba ilitulia baada ya kujengwa na basi. Upo unaofunguka na kufunga kwa misimu. Na upo unaofunguka tu, haurudi. Wa kwanza zibe ukipenda. Wa pili shughulikia ardhi na maji kwanza, ukuta baadaye. Wa tatu ita mtaalamu. Kwa kuutazama siku moja huwezi kuzitofautisha aina hizi tatu, hata ukiwa na macho ya miaka thelathini. Unahitaji kiangazi kimoja na kifuku kimoja, na tarehe zilizoandikwa.

Nyufa zisizo za udongo unaovimba

Hata hivyo, nyufa nyingi ninazoonyeshwa hazihitaji kusubiriwa, kwa sababu hazitokani na udongo kuvimba na kusinyaa.

Nyufa nyembamba kama unywele, zilizotapakaa ukutani kama ramani ya vijito, ni za lipu. Upepo mkavu na jua la Dodoma hunyonya maji kwenye lipu kabla saruji haijamaliza kazi yake. Saruji ikiwa nyingi kupita kiasi, husinyaa zaidi. Gonga kwa ufunguo. Sauti ikiwa ya ukuta mzima, usihangaike, rangi itatosha. Ikiwa kama ya debe tupu, lipu imeachia, ibanduliwe na kupigwa upya, kisha imwagiliwe maji asubuhi na jioni kwa siku saba.

Ufa ulionyooka wima, pale chumba kilichoongezwa kinapokutana na nyumba ya zamani, nao si wa kushangaza. Msingi mpya unatulia huku wa zamani ulishatulia. Kosa lilikuwa kuvifanya viwili hivyo vipakwe lipu kama kitu kimoja. Na ufa wa mlalo chini ya mkanda wa juu, kwenye ukuta unaotazama jua la jioni, mara nyingi ni wa joto. Zege la mkanda hutanuka na kusinyaa kwa kipimo chake, na tofali kwa kipimo chake.

Jinsi ya kuusoma ufa

Ufa usioingia katika makundi hayo usome kwa mambo manne.

Kwanza, mahali palipo papana. Ukiwa mpana juu na mwembamba chini, kona ya nyumba inashuka, kama ulivyokuwa ule wa mwalimu. Ukiwa mpana chini na mwembamba juu, katikati ya ukuta ndiko kunakozama, labda juu ya shimo la zamani lililofukiwa bila kushindiliwa.

Pili, kina. Toka nje uangalie upande wa pili. Ufa unaoonekana ndani tu pengine ni wa lipu. Unaoonekana pande zote mbili, mahali pamoja, umepita kwenye tofali.

Tatu, usawa. Funga macho upitishe kidole juu ya ufa. Kidole kikiteleza sawa, kuta zimeachana tu. Kikijikwaa kwa sababu upande mmoja umetokeza mbele, ukuta unasukumwa au unainama. Hapo shusha timazi mara moja.

Nne, upana. Wataalamu wa utafiti wa majengo Uingereza waliweka madaraja ambayo wahandisi wengi duniani huyatumia. Wao pia wana mfinyanzi unaosinyaa, na kiangazi kikali cha 1976 kilipasua nyumba nyingi za kusini mwa nchi yao. Kwa madaraja hayo, ufa usiozidi milimita 1 ni kazi ya rangi. Hadi 5 unazibika kwa urahisi, ingawa milango inaweza kukwama kidogo. Kati ya 5 na 15 ukuta unahitaji kufunguliwa na kutengenezwa kwa uangalifu. Zaidi ya 15 ni matengenezo makubwa, pengine kuvunja na kujenga upya sehemu ya ukuta, na zaidi ya 25 usalama wa jengo lenyewe uko mashakani. Huna kipimo? Kadi ya benki ina unene wa karibu milimita 0.8. Kadi sita pamoja ni karibu 5. Penseli ya kawaida ni karibu 7.

Lakini yakumbuke mambo mawili. Madaraja haya yanakueleza ugumu wa matengenezo, hayakuambii chanzo. Tena yalipimwa kwenye nyumba za huko. Kama bloku zako zilifyatuliwa kwa saruji ya kubana na nyumba haina mkanda wa nondo, usijipe moyo kwa sababu tu ufa haujafika milimita 5.

Baada ya hapo, penseli. Weka alama mwishoni kabisa mwa ufa na tarehe pembeni, ili ujue kama unarefuka. Gonga misumari miwili na kupima umbali wake kila mwezi, siku ile ile, kwa rula ile ile. Piga picha ukiwa umeweka rula kando ya ufa. Andika pia mvua ya kwanza ilinyesha lini.

Fuata maji

Wakati penseli inafanya kazi yake, mwenye nyumba asikae bure. Kwenye udongo wa mbuga adui mkubwa ni maji yanayofika mahali pamoja na kukosa kufika pengine. Msingi ukilowa wote sawa, au ukikauka wote sawa, nyumba huvumilia. Ukilowa kona moja, nyumba hupindishwa.

Zunguka nyumba yako. Gata linamwaga wapi? Maji ya bafu na jikoni yanakwenda wapi? Bomba la uani linavuja? Shimo la maji taka liko umbali gani na msingi? Na bustani ya maua iliyo chini ya dirisha moja, inayomwagiliwa kila jioni ya kiangazi, inaupa upande huo kifuku cha mwaka mzima huku upande wa pili ukikauka. Sogeza maua. Zungushia nyumba kanda la zege la upana wa mita moja au zaidi, lenye mwinamo wa kutoa maji nje. Peleka maji ya paa mbali na msingi, kwenye mfereji au tangi.

Halafu miti. Jiji linahitaji miti, nami sitaki mtu aache kupanda. Ila kwenye udongo mweusi mti mkubwa ni pampu. Mwarobaini ulio mita mbili kutoka ukutani utanyonya maji ya chini ya kona ile kiangazi chote. Kanuni rahisi ni kupanda mti mbali na nyumba kwa umbali usiopungua urefu utakaofikia. Kama mti umekwisha kukua hapo miaka mingi, usiukate ghafla, maana udongo ulioukausha utalowa na kuvimba. Upogolewe kidogo kidogo, mwaka baada ya mwaka.

Ardhi inapotikisika

Sisi wa nyanda za kati tuna sababu nyingine ya kuziandikia nyufa zetu tarehe. Lugha yetu imeuita mpasuko mkubwa wa Afrika Mashariki Bonde la Ufa, na ufa huo umepita kwetu. Ukisafiri kwa reli ya kati kutoka Dodoma, unakatiza tambarare ya Bahi, kisha treni inapanda ukingo wa bonde maeneo ya Saranda kabla ya kufika Manyoni. Ukingo ule ni ardhi iliyokatika na kuachana kwa kimo. Kazi hiyo haijakwisha. Novemba 2002 tetemeko la ukubwa wa karibu 5.5 liliitikisa Dodoma. Na lile la Bukoba la 10 Septemba 2016, la ukubwa wa 5.9, liliua watu na kubomoa mamia ya nyumba, nyingi zikiwa za kuta zisizofungwa kwa mkanda.

Tetemeko likipita, watu hukagua kuta kwa hofu, na kila ufa huonekana mpya. Mwenye alama za penseli anajua upi ulikuwapo jana. Nyufa za mshazari zinazokatana kama herufi X kati ya madirisha ni za mtikisiko, nazo zinahitaji jicho la mhandisi kabla watu hawajarudi kulala humo. Taasisi ya Jiolojia na Utafiti wa Madini, yenye makao makuu hapa hapa Dodoma, ndiyo inayofuatilia mitikisiko hii.

Pasipo na subira

Nimehimiza subira, lakini kuna dalili ambazo hazingoji mvua wala kiangazi. Ukuta umeachana na timazi, au umetoa tumbo. Ufa wa unene wa penseli umetokea katika siku chache. Alama yako ya wiki iliyopita imeshapitwa. Mlango uliokuwa ukifunga vizuri umekwama ghafla, au kioo cha dirisha kimepasuka bila kuguswa. Nguzo, boriti au mkanda wa zege umepasuka ukitoa mstari wa kutu, maana nondo ndani zinaoza na kuvimba. Ardhi imebonyea karibu na shimo la choo. Ukiona moja kati ya haya, hamisha watu kwenye chumba hicho kwanza, kisha mwite mhandisi aliyesajiliwa na Bodi ya Usajili wa Wahandisi. Gharama ya kuitazama nyumba ni ndogo ukiilinganisha na mazishi.

Daftari la ukutani

Nyumba ya mwalimu haikuwa na dalili hizo. Wajukuu walikuja Krismasi, wakalala chumba kile, wakaulizia maandishi ya ukutani, bibi akawaeleza. Mvua zilipokolea, namba zikaanza kushuka. Mwisho wa Februari misumari ilikuwa milimita 48 na nusu, na kadi ya benki haikupita popote. Ufa ulikuwa umejifunga wenyewe. Laiti ungejazwa saruji Oktoba, nguvu hiyo yote ingeusukuma ukuta.

Tulichunguza kona ile mvua ikinyesha. Gata lilikatika mita moja kabla ya kona, na maji ya nusu ya paa yakaanguka pale. Hatua chache pembeni ulisimama mwarobaini. Kifuku kona ilinyweshwa kuliko nyumba nzima, kiangazi ikanyonywa kuliko nyumba nzima. Juni yake gata likaunganishwa, kanda la zege likamwagwa, matawi ya mti yakapunguzwa. Oktoba iliyofuata misumari ilisoma 49, na Februari 48 na nusu. Safari ya milimita moja na nusu ilikuwa imebaki nusu milimita.

Hapo ndipo nilipompigia simu fundi yule yule. Safari hii alitengeneza mchanganyiko laini: sehemu 1 ya saruji, 2 za chokaa na 9 za mchanga. Mchanganyiko huo unakubali kubanwa kidogo bila kuwa kabari. Aliziba Juni, ufa ukiwa katikati ya safari yake, na kabla ya kupaka rangi alimwomba mwalimu penseli.

Kipande kidogo cha ukuta, nyuma ya pazia, hakikupakwa rangi. Misumari miwili bado ipo, na chini yake mistari imepangwa kama alama za mtihani. Mara ya mwisho nilipopita, wa chini kabisa ulisomeka: 14 Oktoba, 48 na nusu. Pembeni, kwa wino mwekundu, mwalimu alikuwa ameweka alama ya vema.